Mtuchukulie watoto siku moja tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua huwa mnakata maneno yakizidi lakini hii naomba mnivumilie.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa akilalamika kwamba wazazi wa siku hizi wanapenda sana starehe, wanawaachia watoto dada wa kazi halafu wao wanaenda kuzurura, ndo maana watoto wanakua hawajui hata salamu. Sikatai, wapo wa hivyo, mtaani kwetu wapo. Ila mimi naona kwenye nyumba nyingi za hapa Dar mambo yako kinyume kabisa, baba na mama hawatoki, na wakitoka kila mtu anatoka kivyake. Baba Jumamosi yuko kibanda umiza anaangalia mpira na mkeka wake wa kubeti mfukoni, mama yuko kikoba au kicheni pati ya mtoto wa jirani, ukiwaona wamekaa pamoja wamevaa vizuri basi ujue ni msibani, au harusi ya watu, au wameitwa shule. Nyumbani wanaongea ndiyo, lakini wanaongea nini? LUKU imeisha. Gesi imeisha. Mwalimu kasema soksi ziwe nyeupe. Haya, mazungumzo yameisha, watu walale.

Mimi na Baba Ilham ndo tulikuwa tunaishi hivyo hivyo na wala hatukuwa tumegombana. Matembezi yetu ya pamoja yalikuwa ni kwenda kuangalia kiwanja. Wenzangu wenye viwanja Mapinga na Kerege mnanielewa, mtu anavaa kandambili anabeba panga anaenda kuangalia kama bikoni, yaani alama ya mpaka, iko palepale, anafyeka majani kidogo, anasalimiana na mlinzi wa jirani, anarudi. Hiyo ndo wikiendi.

Sasa Jumamosi moja wifi yangu akaja asubuhi sana bila kupiga simu, mtoto wake alikuwa na besdei, akapiga honi getini, akawapakia wetu wote watatu kwenye gari na nguo walizolalia, akasema mtawaona usiku na msinipigie pigie simu. Nikabaki nimeshika kikombe cha uji cha mtoto wa mwisho sijui nimpe nani. Baba Ilham akasema basi twende tukaangalie kiwanja. Si nimewaambia.

Tukaenda Mapinga, bikoni ipo, majani yapo, hata saa nne haijafika tushamaliza. Tumesimama barabarani tunasubiri gari ya kurudi Bunju, upande wa pili ikapita Kosta, konda ananing'inia mlangoni anaita Bagamoyo, Bagamoyo, siti mbili za mbele. Baba Ilham akaniangalia akaniuliza, "Mama Ilham, kwani leo tuna watoto?" Nikamwambia hatuna. Tukavuka barabara tunakimbia kama wanafunzi, mimi na dera langu lina vumbi na yeye na panga lake kalifunga kwenye gazeti (gazeti lenu hilohilo Mhariri, samahani).

Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, na sisi wa huku Boko tayari tuko njiani, lakini mume wangu kazaliwa Magomeni kakulia Magomeni na Bagamoyo alikuwa hajawahi kuiona zaidi ya kupita kwenda msibani Saadani. Mimi nilienda darasa la sita na shule, ninachokumbuka ni kwamba nilipoteza kiatu. Na hivyo ndo tulivyo wengi, tunaijua Dubai ya kwenye stetasi za watu kuliko mji ambao uko mwisho wa barabara tunayopanda kila siku.

Pale stendi bodaboda wakataka kutupiga mshikaki, wote wawili kwenye pikipiki moja, mpaka kwenye magofu ya Kaole, nikakataa, nina watoto watatu mimi, tukachukua bajaji, kama kilomita tano hivi upande wa kusini. Tumefika getini kijana wa pale akatusalimia vizuri akauliza, "Mmekuja na shule gani, wanafunzi wako nyuma?" Tukamwambia hatuna wanafunzi. Akauliza, basi kuna wageni mmewaleta? Hatuna wageni, ni sisi. Akacheka, akasema karibuni sana, maana Mtanzania mtu mzima aliyekuja mwenyewe tu na miguu yake kuangalia, kwake ni nadra. Kiingilio cha Mtanzania ni hela ndogo sana ukilinganisha na anachotoa mzungu, yaani ukisikia utaona aibu kwamba hujaenda miaka yote.

Kaole yenyewe ni magofu ya misikiti miwili na makaburi, ule msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13, watu walikuwa wanaswali pale kabla Mreno hajajua Afrika Mashariki iko wapi. Makaburi mengine yana nguzo ndefu juu, na kwenye makumbusho yao madogo kuna vipande vya vyombo vya Kichina vilivyotoka palepale, maana bandari ilikuwa hapo, mpaka mchanga na mikoko vikaziba njia ya majahazi na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukisimama leo unaona mikoko tu, bahari imejificha huko nyuma. Nikasoma Fatiha kwa wote waliolala pale kisha tukaendelea.

Kuna kaburi wanasema ni la mume na mke waliozama baharini wakazikwa pamoja. Ndo masimulizi ya pale, mimi nayapokea kama nilivyopewa. Mwongozaji katueleza kwa huzuni nzuri kabisa, halafu Baba Ilham akauliza, "Watoto walikuwa wamewaacha na nani?" Mwongozaji akakosa jibu, sijui kama kuna mtu ameshawahi kumuuliza. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, kwenye heshima ya makaburi, Mungu anisamehe, lakini ndo akili ya mzazi ilivyo, hata hadithi ya watu wa karne na karne anatafuta nani kabaki na watoto.

Pale pale kuna mbuyu mkubwa wanasema una miaka kama 500, na imani yao ni kwamba ukiuzunguka unajiongezea umri. Baba Ilham akazunguka. Nikamwambia zunguka vizuri, mkopo bado mrefu.

Mji mkongwe tuliutembea kwa mguu, na hapa Mhariri ndo nataka nikae kidogo. Shuleni tulikariri Ujiji, Tabora, Bagamoyo, njia ya msafara, pembe na watumwa, mwalimu anauliza unajibu unapata maksi. Zaidi ya kilomita 1,000 zile, watu walitembea miezi na mizigo kichwani. Sasa nenda ukiwa mama wa watoto watatu usimame kwenye ukuta wa Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kiarabu mwaka 1860, uambiwe hapa ndo watu walikuwa wanafungiwa kabla ya kupelekwa majini kwenda Unguja. Mimi sikufikiria maksi. Nilifikiria mwanamke aliyefika pale akiwa ana mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono, na huyo wa mkono kampotezea wapi njiani. Baba Ilham naye akanyamaza, halafu akaanza kunieleza habari za bibi yake mzaa baba, mambo ambayo kwenye ndoa ya zaidi ya miaka kumi sikuwahi kuyasikia hata siku moja, kwamba ukoo wao ulitoka bara na jina walilonalo walipewa pwani. Sikuyajua! Nimelala na mtu huyu miaka yote hii nimemzalia watoto ninajua saizi ya kiatu chake na siri zake za benki, hilo sikulijua, na nyumbani asingelisema kwa sababu nyumbani katikati ya sentensi mtu anakuja kulia kafichiwa penseli.

Tukapita lile boma la Wajerumani la 1897. Wajerumani makao yao makuu yalikuwa Bagamoyo mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, sasa fikiria wangebaki, foleni ya Mwenge leo ingekuwa Bagamoyo na sisi tungekuwa na viwanja vya bei chee Magomeni. Kule chuo cha sanaa, TaSUBa, kilichoanza 1981, ngoma zilikuwa zinasikika mpaka barabarani, tukasimama nje tunasikiliza tu, mimi bega likaanza kucheza lenyewe, mume wangu akajifanya hanijui.

Njaa ikatushika tukashuka ufukweni soko la samaki. Changu wa kukaanga, chips dume, kachumbari, pilipili ya mbuzi, tumekaa kwenye benchi tunakula sahani moja tunacheka. Nikaona mama anayekaanga anatuangalia, anamkonyeza mwenzie. Nikategea sikio, nikamsikia anasema, hawa ni wa Dar hawa, huyo baba mkewe saa hizi yuko nyumbani anafua. Jamani! Nikageuka nikamwambia, "Dada, huyo mke anayefua ndo mimi, leo nimegoma." Hakuamini. Akasema mke na mume hawachekani hivyo, mke na mume wakija hapa mmoja anakula mwingine anashika simu. Palepale simu yangu ikaita, mtoto wa kati kampora shangazi yake simu anashtaki kwamba kapasuliwa puto, analia mpaka soko zima linasikia, baba yake akaichukua akaanza kutoa hukumu ya puto. Yule mama akacheka akatuongezea kipande cha samaki, akasema sasa nimeamini, hawa wana watoto.

Lakini yale maneno yake nimeondoka nayo, maana hajakosea sana. Kwetu mwanaume na mwanamke wakionekana mchana wanakula na kufurahi, kitu cha kwanza watu kuwaza ni mchepuko. Starehe tumewaachia wachumba na wachepukaji, walio kwenye ndoa tumewaachia ada za shule. Halafu tunakuja kushangaa.

Baada ya kula tukaenda Misheni, wale Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawa wanawakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji pale. Sisi ni Waislamu lakini tulipokelewa kama nyumbani. Kuna mbuyu una kipande cha mnyororo kimemezwa na shina, wanasimulia kuna mama wa Kifaransa alikuwa anafunga punda wake hapo, mti ukaendelea kukua na mnyororo ukabaki humo. Na kuna ule mnara wa kanisa ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulilazwa Februari 1874. Huyu mzee alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani, zaidi ya miezi tisa, ndo ukapakiwa meli kwenda Unguja na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey, London, Aprili 1874. Baba Ilham akasema wale jamaa walibeba maiti miezi tisa hawakulalamika, wewe mtoto wa mwisho ukimbeba kutoka kituoni unaniita mara tatu. Nikamwambia mimi miezi tisa nimeshabeba mara tatu, na hakuna aliyeniandika kwenye mnara.

Jioni tukapanda Kosta tukarudi, tumesinzia, panga letu chini ya siti. Wifi alileta watoto wamelala wote, wamejaa keki mpaka masikioni.

Sasa hoja yangu ni hii, na ndo iliyonifanya nishike simu niandike. Mtu akitaka kuoa hapa kwetu, ndugu jamaa na marafiki tunaunda kamati, tunafungua grupu la wasapu, tunatangaza bajeti, tunaandika ahadi, kila siku mweka hazina anakumbusha, kuna mchango wa kicheni pati, wa sendofu, wa harusi yenyewe, kadi singo bei hii, dabo bei hii, MC, keki, ukumbi, mamilioni yanaisha usiku mmoja. Kesho yake grupu linavunjwa. Hao wawili tuliowachangia hatuwaulizi tena chochote mpaka tusikie wamefikishana Bakwata au ustawi wa jamii, hapo ndo tunajaa sebuleni kusuluhisha na kunywa soda zao.

Mimi nasema mchango wa pili uwepo na hauhitaji hela. Shangazi, mjomba, mama mdogo, bibi, rafiki uliyesimamia harusi, chukua watoto wa wenzio siku moja kutoka asubuhi mpaka usiku, waambie tokeni. Usisubiri waombe, hawataomba, mama anaona aibu kuomba aende kutembea na mumewe, ataomba akiwa anaenda hospitali au msibani. Zamani hili lilikuwepo bila hata kuitwa jina, watoto walikuwa kwa bibi wiki nzima, ukitaka mwanao unamfuata huko anakataa kurudi. Siku hizi bibi yuko Lindi na sisi tuko ndani ya geti, jirani humjui jina.

Na namjibu yule msomaji mwenzetu, mimi sisemi watoto waachwe na dada wa kazi wa miaka 15 ambaye mwenyewe ni mtoto wa watu na alitakiwa awe shule. Wala sisemi uwaachie mtu yeyote tu, na haya mambo ya ukatili tunayoyasikia kila siku kwenye taarifa ya habari mzazi ana haki ya kuogopa. Nasema mtu unayemjua, ambaye watoto wanamjua, na wewe naye utamlipa kwa kuwachukua wake. Sisi mwezi uliofuata tuliwachukua wa wifi, watoto sita ndani ya nyumba moja, sebule ikageuka uwanja wa fujo, yeye na mumewe wakaenda Mbudya kwa boti wakarudi wameungua jua wanacheka kama vichaa. Shemeji yangu yule huwa hacheki.

Kuna wanaume watasema hela hamna. Nauli, bajaji, kiingilio, samaki, madafu, vyote jumla havikufika nusu ya kadi dabo. Na Bagamoyo sio lazima, kuna Kijiji cha Makumbusho hapo hapo barabarani unapita kila siku kwenye daladala, kuna msitu wa Pugu, na tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 unaweza kwenda Morogoro kwa 13,000 daraja la kawaida, chini ya saa mbili uko chini ya Uluguru unakula ndizi, jioni unarudi. Zamani Morogoro ilikuwa safari ya kuaga.

Kwako Mhariri ombi langu ni kona ndogo tu kila Ijumaa, mtuandikie sehemu moja ya karibu, nauli yake, kiingilio cha Mtanzania, gari linaondokea wapi na la mwisho kurudi ni saa ngapi. Za mahoteli ya laki tatu kwa usiku tumeziona za kutosha. Anayeenda Kaole abebe maji na kofia, na akubaliane na bajaji kabisa kama inamsubiri au inarudi, maana kule ndani kupata usafiri wa kurudi sio kama Kariakoo. Na mkishafika muulizeni mwongozaji lile swali la Baba Ilham, huenda sasa ana jibu.

Mwisho kabisa, kuna watu wangu waliandika ahadi kwenye harusi yangu na mpaka leo hazijalipwa, mnajijua, mweka hazina bado ana daftari. Hela sitaki tena. Njooni mchukue hawa watoto Jumamosi yoyote, tunafuta deni.

Mama Ilham,
Boko, Dar es Salaam